Sukari ya Krashi

Kikundi cha maziwa kimeniomba niandike maisha ya Ednah Wanja, yasomwe siku ya kumuaga akistaafu. Walinichagua kwa sababu nina mwandiko mzuri, na kwa sababu, walisema, "Mwenyekiti, ni wewe umemjua siku mingi." Ni kweli. Hakuna mtu katika mlima huu niliyemtazama kwa muda mrefu kama yeye, na sikumtazama kwa jicho zuri. Nikimaliza, kamati itaamua yenyewe kama karatasi hii inaweza kusomwa mbele ya padri.

Kwao ni Gachoka, huko chini Mbeere, nchi ya mbuzi na ndengu na jua kali. Nataka hilo lijulikane mapema. Sisi tunaoishi juu ya Nkubu tuna majani mabichi mwaka mzima na tumefuga ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa, tangu uhuru, halafu mtu wa kutufundisha ng'ombe akatoka mahali ambapo fahali anakufikia kiunoni. Jirani yangu Mwalimu Riungu ndiye aliyemuoa na kumleta huku mwaka wa sabini na tisa. Wanja alikuwa mwembamba, hana maneno mengi, na aliajiriwa karani katika ofisi ya mifugo. Kazi yake ilikuwa kujaza kadi: ng'ombe wa nani, amepandishwa lini, kwa mbegu ya fahali gani. Wakati huo mimi nilikuwa mtu mkubwa, kwa hiyo sikumwona.

Ukubwa wangu ulikuwa krashi. Vijana wa leo hawaijui, kwa hiyo nieleze. Krashi ni kizuizi cha magogo tulichojenga kando ya barabara, ng'ombe anaingia kichwa kwanza, unafunga nyuma kwa fito, na hawezi kugeuka wala kurusha teke. Gari la serikali lilipita kila asubuhi, Jumatatu mpaka Ijumaa, likisimama kwenye kila krashi. Mhudumu alishuka na mrija wa mbegu, akampandisha ng'ombe, akachukua maelezo ya kupeleka ofisini, akaenda. Tulilipa kitu kidogo sana, ni kama bure. Lakini gari lilikuwa na haraka. Mhudumu angepandisha ng'ombe watatu, wanne akiwa na moyo mzuri, na asubuhi nyingine walikuwa wamefungwa pale ng'ombe saba au wanane. Nani ataingia kwanza? Aliyeamua ni mwenyekiti wa krashi. Nilichaguliwa mwaka wa sabini na nne, siku tuliyomaliza kuchimbia magogo, na sikuchaguliwa tena kwa sababu hakuna aliyeitisha uchaguzi mwingine.

Sikuwahi kumwomba mtu chochote. Hilo nalo liandikwe. Lakini joto la ng'ombe halingoji. Ukiliona asubuhi, apandishwe kufikia jioni, ama usubiri siku ishirini na moja lirudi. Mtu akiona ng'ombe wake anapanda wenzake, anakuja jioni hiyo kumsalimia mwenyekiti, na kwetu hapa mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Analeta sukari kilo moja. Cicily, mke wangu, hakununua sukari miaka kumi na minane. Marcella, mjane wa kule mtoni, hakuwa na sukari ya kuleta. Ng'ombe wake alikuwa wa mwisho kila siku, na gari lilipoondoka alimfungua akarudi naye akimpiga piga mgongoni taratibu, bila kunitazama. Huduma ilikuwa bure, na bure hiyo ilikuwa na bei yake, na bei yenyewe niliinywa mimi kwenye chai.

Miaka ya tisini ikaja na shida zake. Gari likawa halina mafuta, au gurudumu, au dereva. Likaja mara mbili kwa wiki, kisha mara moja, kisha likawa kama mgeni aliyeahidi kufika Krismasi. Serikali nayo ikasema haiwezi tena kubeba kila mzigo, ikaanza kupunguza wafanyakazi. Mwaka wa tisini na tano Wanja alipewa barua ya kwenda nyumbani na pesa kidogo za kufuta machozi.

Wenzake tuliwaona. Mmoja alijenga nyumba ya mawe ikaishia kwenye linta, juu ya madirisha, bila paa, mwingine akafungua baa akawa mteja wake wa kwanza. Wanja alikwenda kusomea kupandisha ng'ombe, akarudi na cheti, na mtungi wa mbegu wenye baridi kali unaofuka moshi ukiufungua, na pikipiki kuukuu ya rangi ya samawati. Mwalimu Riungu alikuja kwangu ameshika kichwa.

"Baba Makandi, nisaidie kumwambia," alisema. "Bibi yangu anataka kuendesha pikipiki. Na suruali."

Nilikwenda kumwambia, kama mzee. Aliniwekea chai, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwenyekiti, gari ilikuja lini mwisho?"

"Itakuja," nilisema.

"Na hiyo joto ya ng'ombe tuiambie ingoje?"

Nilimaliza chai nikaondoka. Chai yenyewe haikuwa na sukari ya kutosha.

Mpango wake ulikuwa rahisi mpaka ulinikera. Ukiona ng'ombe ana joto, unafunga kitambaa chekundu kwenye geti. Wanja anapita barabara yote asubuhi na alasiri, Jumapili pia baada ya misa, akiona kitambaa anaingia. Shilingi mia tatu. Ng'ombe akirudia joto, safari ya pili hulipi. Huna pesa, utalipa kwa maziwa, chupa moja kila asubuhi mpaka iishe. Hakuna krashi, anamfunga ng'ombe kwenye mti wako mwenyewe. Hakuna foleni. Hakuna mwenyekiti.

Kitambaa cha kwanza nilichokiona kilikuwa kwa Marcella, na kiliniuma kuliko kama kingekuwa kwa tajiri. Mwezi uliofuata, nikiwa nimekaa kwenye gogo la krashi kama nilivyozoea, nilihesabu vitambaa vitano kutoka kwangu hadi kona. Watu walioniletea sukari miaka hiyo yote walinipita wakisema "Muga, Mwenyekiti," wakaenda zao kufunga matambara kwenye mageti. Walianza kumwita Daktari. Karani! Nilimwonea wivu, sina neno lingine la kuliita. Nilionea wivu pikipiki yake, na mtungi wake, na jinsi mbwa wa watu walivyoacha kumbwekea. Nilikuwa naamka usiku nikifikiria mia tatu mara vitambaa vitano. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na kweli Cicily alinipunguzia suruali kiunoni mara mbili mwaka ule.

Kulitokea kijana mwingine wa kupandisha ng'ombe, kutoka Nkubu, akitoza mia mbili na hamsini. Nilifurahi nikadhani sasa Wanja ataonja. Nilitegemea atalia, aende ofisini, aseme huyu anaharibu kazi. Hakwenda. Alianza kuja na orodha ya mafahali, akimwuliza mtu, "Wewe unataka ndama ya maziwa mingi ama ya miguu nguvu? Ngojea nikuonyeshe." Watu wakaanza kuchagua. Kwenye krashi hatukuwahi kuchagua fahali. Tulipewa tuliyepewa, tukashukuru.

Basi nikaandika barua mimi. Niliandika vizuri, na bado naamini maneno yake hayakuwa ya upuuzi. Nilisema huduma ya mifugo ni haki ya mwananchi. Nilisema mambo yakiachiwa soko, maskini atabaki nje. Nilisema mtu binafsi asipandishe ng'ombe bila kibali na bila kupitia krashi, ambako kuna utaratibu wa haki kwa wote. Chini nikaweka majina arobaini. Mengine walitia sahihi wenyewe. Mengine niliyatoa kwenye daftari la krashi bila kuwauliza, na moja lilikuwa la Marcella.

Barua ilifanya kazi. Wanja aliambiwa asimamishe pikipiki mpaka apate kibali, na kibali kilimchukua wiki saba, akienda na kurudi Nairobi. Yule kijana wa Nkubu naye, aliposikia mambo ya vibali, alipotea. Barabara nzima haikuwa na kitambaa. Nililala vizuri. Ila katika wiki hizo hizo ng'ombe wangu akapata joto.

Alikuwa mmoja tu, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, anaitwa Kairu. Kairu ndiye aliyekuwa akimsomesha binti yangu Makandi katika chuo cha ualimu. Maziwa yake yalikuwa yamepungua, na bila ndama yangekauka, na yakikauka Makandi angerudi nyumbani kuchuma chai ya watu. Nilimpeleka krashi nikamfunga, nikangoja gari mpaka saa sita. Halikuja. Joto lilipita. Liliporudi baada ya siku ishirini na moja nilimpeleka kwa fahali wa Kirimi, mtu wa kijiji cha pili. Wanja alikuwa amewaonya watu tangu zamani kwamba ng'ombe wanaokwenda kwa fahali yule wanatupa mimba. Nilisikia onyo hilo kwa masikio yangu, nikajiambia, muuza mbegu atamsemaje fahali wa mwenzake? Nilidhani ni biashara.

Kairu alitupa mimba ikiwa na miezi mitano. Cicily alikizika kile kiumbe nyuma ya zizi bila kuniita nishike jembe.

Wakati huo Wanja alikuwa ameshapata kibali na vitambaa vimerudi, vingi kuliko mwanzo. Kila mtu alinitazama aone nitafanya nini. Nikasikia uvumi kwamba gari la serikali linatengenezwa, nikaushika uvumi huo kama kamba. Joto la Kairu liliporudi nilimpeleka krashi mchana kweupe, nikasimama naye. Baada ya wiki tatu nikasimama naye tena. Na mara ya tatu. Magogo mawili yalikuwa yameoza na kamba ya nyuma ilikuwa yangu mwenyewe. Pikipiki ya samawati ilipita mbele yetu mara zote tatu. Wanja alipunguza mwendo, akaniinamishia kichwa kwa heshima, akaendelea. Heshima ile ilinichoma. Ningependa anitukane.

Siku chache kabla ya joto la nne, Hared alifika. Hared ni mnunuzi wa ng'ombe wa kuchinja kutoka Meru mjini, mtu mstaarabu, hafiki bila kusikia habari za ng'ombe wa kuuzwa. Alimzunguka Kairu polepole akimpapasa mbavu.

"Mzee Muthamia, hii ni mifupa mzuri," alisema. "Nitakupatia bei ya haki. Lakini ya nyama. Mimi sinunui maziwa."

Nilisema nitafikiri. Nilipogeuka, Cicily alikuwa amesimama mlangoni na sufuria tupu. Alizungumza kwa sauti ya chini, jambo ambalo kwake ni baya.

"Baba Makandi, mtoto amebakisha mwaka moja. Ama unaenda kwa Wanja, ama Hared achukue ng'ombe na wewe umweleze Makandi ni kwa nini. Mimi simwelezi."

"Nitaenda kwa mtu niliyemwandikia barua?"

"Mficha uchi hazai," alisema. "Na ng'ombe yake pia."

Nilivaa koti. Cicily alikuwa amenipa pesa za kutosha kitu kimoja, na nilipofika dukani nikanunua sukari kilo moja. Sikufikiri sana. Mtu haendi kwa watu mikono mitupu, na mkono wangu ulijua desturi kuliko kichwa.

Nilimkuta uani akiosha buti. Mwalimu Riungu, aliyekuwa akipanguza pikipiki kwa kitambaa kama anampanguza mtoto, alinisalimu akaingia ndani haraka. Wanja aliniletea kiti. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani: kwamba mambo yalipita, kwamba sisi ni majirani, kwamba barua ilikuwa ya kamati. Sikusema hata moja.

"Ni Kairu," nilisema.

"Najua." Aliingia ndani akatoka na daftari lake refu. "Leo ni Jumatatu. Kairu atapata joto Alhamisi, labda asubuhi mapema. Fungeni kitambaa mkimsikia amelia. Lakini kwanza kesho nikuje nimwangalie tumbo, kwa sababu ya ile ya kutupa."

"Umejuaje Alhamisi?"

"Si nilikuona krashi?" alisema, kama anayeeleza jambo la kawaida. "Mara tatu. Kila ukisimama pale nilikuwa naandika. Mtu hawezi kusimama na ng'ombe krashi bure tu."

Alinionyesha. Tarehe tatu, kwa mwandiko wa kikarani, mbele ya jina langu. Yaani nilipokuwa nimesimama pale barabarani nikiwaonyesha watu msimamo wangu, yeye alikuwa akihesabu siku za ng'ombe wangu. Hata kiburi changu alikigeuza kazi.

Kisha nikaiona barua. Ilikuwa ndani ya jalada la daftari, imebanwa pamoja na kibali chenye mhuri. Mwandiko wangu mzuri. Aliona nimeiona.

"Hiyo ilinisumbua, sitadanganya," alisema. "Nililia huko Nairobi kwa bench ya watu. Lakini bila hiyo singetafuta kibali. Sasa na kibali naenda mpaka Nchiru, hakuna mtu ananisimamisha." Akaweka kidole kwenye jina moja. "Jina ya Marcella ndiyo haikuwa mzuri, Mwenyekiti. Yeye hajui kuandika."

Nilitazama buti zake.

"Utanitoza ngapi?" niliuliza mwishoni.

"Mia tatu."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Bei ni moja."

Sijui nilitaka nini. Angesema mia tano, ningerudi nyumbani na hasira nzuri ya kunipasha moto, niwaambie watu mmeona, si niliwaambia wafanyabiashara ni watu wa kisasi? Angesema bure, ningejua bado ananiogopa, bado mimi ni mtu. Lakini alinipa bei ya Marcella. Kwenye daftari lile nilikuwa mstari, na juu yangu mstari, na chini yangu mstari.

Ndipo nikaitoa sukari kutoka kwenye koti nikaiweka juu ya daftari lake, na kwa sauti ile ya watu waliokuwa wakija kwangu jioni, nikajisikia nikisema, "Basi Alhamisi unikumbuke mapema."

Wanja aliitazama sukari, akanitazama mimi, na nilijua amekumbuka, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akijaza kadi za krashi na alijua nani alipandishiwa ng'ombe na nani hakupandishiwa. Nilingoja anirudishie. Hakunirudishia. Aliinua pakiti, akasoma maandishi yake, akachukua kalamu.

"Kilo moja. Kwa duka ni hamsini," alisema akiandika. "Basi Alhamisi utanipatia mia mbili hamsini."

Nilitembea kurudi nyumbani masikio yakiwaka. Miaka kumi na minane nilikunywa sukari ya watu, na siku hiyo ndiyo ya kwanza mtu kuniambia bei yake.

Alhamisi Kairu alilia kabla ya jua kuchomoza, kama daftari lilivyosema. Nilichukua kitambaa cha kichwa cha Cicily, chekundu, nikakifunga kwenye geti mbele ya macho ya wote waliokuwa wakipeleka maziwa. Hakuna aliyecheka, au walicheka wakishafika kona. Pikipiki ilipokuja ilipinda kwanza kwa Marcella, ambaye geti lake liko chini yangu na kitambaa chake kilikuwa kimetangulia. Nilikaa kwenye jiwe nikangoja amalize.

Mrija ule ulishika mara ya kwanza. Makandi alimaliza chuo na sasa anafundisha. Kairu alizaa ndama jike, na siku hiyo hiyo Cicily alimpa jina bila kuniuliza. Alisema kwao ndama huitwa kwa aliyemleta, na mimi sikuwa katika hali ya kubishana. Kairu alishakufa kwa uzee, lakini huyo ndama alipokua alikuwa na maziwa mengi kuliko mama yake, na alikuwa na tabia zake, hakutaka kukamuliwa na mtu mwingine ila mimi, na ukimkaripia hakutoa hata tone. Kwa hiyo hili nalo liandikwe, ili mjue kwamba sijaficha chochote: kwa miaka tisa, kila asubuhi, nilichutama zizini na ndoo yangu katikati ya magoti, nikamwita kwa sauti ya kubembeleza mpaka atulie: Wanja, Wanja, Wanja.